Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Mimi sihesabu watu. Kwetu mtu hanyooshewi kidole akaitwa mmoja, na wa pembeni yake akaitwa wawili, kama mbuzi wanaotolewa zizini. Mama yangu alilishika jambo hili mpaka kufa kwake, na kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania lilimpa taabu, maana huko tulihesabiwa kila mara. Mtu wa kuhesabu akifika mlangoni na kuuliza watoto ni wangapi, mama alimjibu, "Wapo." Akiulizwa tena anajibu tena, wapo. Mwishowe yule mtu huchoka, akachungulia ndani na kuhesabu mwenyewe huku mama akitazama pembeni. Alikuwa amewazika wawili njiani tulipotoka Kongo, na aliamini kwamba kidole ndicho kilichowaonyesha.

Nimemrithi. Nilipopewa kuongoza kwaya ya kanisa letu huku Haltom City, Texas, jambo la kwanza kunisumbua halikuwa sauti, lilikuwa idadi. Kiongozi lazima ajue anao wangapi, la sivyo vitenge vitapungua na mistari itakwenda upogo. Kwa hiyo nikajitafutia njia. Nawaambia wasimame watatu watatu, naangalia wanaobaki. Halafu watano watano, naangalia wanaobaki. Halafu saba saba. Watatu watatu wakibaki wawili, watano watano wakibaki wanne, saba saba akibaki mmoja, najua tuko ishirini na tisa, na wala sikumgusa mtu kwa kidole. Mume wangu husema huo ni ujanja tu, kwa sababu mwisho wa yote namba naijua. Namjibu kwamba kuijua namba si kosa, kosa ni kumnyooshea mtu kidole, na kama hapendi aende akaimbe kwenye kwaya nyingine.

Kanisa letu zamani lilikuwa duka la matairi. Jukwaa limebanwa kati ya ngoma na mlango wa dharura, na mstari mmoja unaingia watu kumi na watatu wakibanana mabega. Sisi huingia kwa mistari, tunacheza tangu mlangoni mpaka mbele, na mistari ikiwa sawa hata mgeni asiyejua neno la Kiswahili anasimama. Anayebaki baada ya mistari kukamilika simwachi aning'inie pembeni. Namweka mbele peke yake, na yeye ndiye anayeanzisha wimbo. Hiyo ni sheria yangu, na siku hizi watu wengine hujichelewesha makusudi ili wabaki.

Binti yangu aliingia kwaya akiwa na miaka minane. Kabla yake tulikuwa thelathini. Naiandika namba hiyo bila hofu kwa sababu nusu yao wamekwisha hamia Iowa na Kentucky. Thelathini ni namba tamu kwa mwenye kwaya: ipange wawili wawili, watatu watatu, watano watano, sita sita, inakaa tu, hakuna anayebaki. Halafu akaja huyu mtoto na kitenge kilichomzidi urefu, na kila mstari niliojaribu ukabakiza mmoja. Watu wakaanza kucheka. Mimi nikamshika bega nikamweka mbele, akaanzisha wimbo kwa sauti nyembamba, na kanisa zima likamwitikia. Nilijivuna siku ile mpaka mume wangu akaniambia nifunge mdomo kidogo, watu wanatuangalia.

Tangu hapo binti yangu akawapenda wanaobaki. Wenzake walipenda wanasesere, yeye alipenda baki. Ndani ya gari tukienda kazini kwangu, maana nilikuwa nampitisha shuleni kabla ya kuingia bohari, alinisumbua kwa maswali. Siku moja akaniuliza ni namba gani ambayo daima itabakiza mmoja, hata nipange vipi. Nikamwambia mimi naendesha gari, hayo amuulize mwalimu. Hakumuuliza mwalimu. Alikaa nayo mwenyewe, na baada ya siku chache akaja na jibu: zidisha mistari yote kwa pamoja, halafu ongeza mtu mmoja. Mbili mara tatu mara tano ni thelathini. Ongeza mmoja, thelathini na moja. Huyo mmoja, akasema, ni mimi.

Akaendelea. Alipotia na mistari ya saba akapata mia mbili na kumi na moja. Alipotia ya kumi na moja akapata elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Alipotia ya kumi na tatu, ambao ndio mstari mrefu kuliko yote jukwaani kwetu, akapata elfu thelathini na thelathini na moja. Hakujisumbua na mistari ya wanne wala ya sita, akanieleza sababu nikaielewa mara moja: kwaya isiyokubali wawili wawili haiwezi kukubali wanne wanne. Nilimuuliza hiyo kwaya ya watu elfu thelathini atailisha nani wali siku ya sherehe. Alicheka, lakini ile namba aliishika kama yake. Aliandika tarakimu zake kwa wino kwenye soli ya kiatu.

Akiwa na miaka kumi na minne, mwalimu wake wa hesabu akaleta habari ya mashindano ya Houston. Kila mtoto achague namba moja kubwa, asimame mbele ya waamuzi na kueleza tabia zake. Watakaopendeza wangechukuliwa mwezi mzima wa likizo kusoma hesabu chuo kikuu, bila wazazi kutoa chochote. Binti yangu si mtoto wa kuomba. Hajawahi kuomba simu, hajawahi kuomba viatu vya jina. Hili aliliomba. Alikuja jikoni, akasimama karibu na jiko, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku hizo nikimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza, "Mama, hii kitu naitaka kabisa." Nilizima jiko nimsikilize.

Namba yake ilijulikana kabla hajaitaja. Alitaka kuwaambia waamuzi kwamba elfu thelathini na thelathini na moja ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Neno hilo la tasa mimi silipendi, aliyelichagua hakuuliza wanawake, lakini ndilo tulilofundishwa shuleni. Hoja zake zilikuwa nzuri. Namba inabakiza mmoja kwa kila mstari alioutia, kuanzia wa wawili mpaka wa kumi na watatu. Tena ndugu zake wadogo wote, tatu, saba, thelathini na moja, mia mbili na kumi na moja, elfu mbili mia tatu na kumi na moja, wote ni tasa. Nani angedhani huyu wa sita atawasaliti wenzake? Mashindano yalikataza mtu mzima kumsaidia mtoto, na mwalimu wake alilishika katazo hilo kwa ukali, hakutaka hata kusikia ni namba ipi. Mimi ningesikia nisingesaidia kitu. Nilikuwa bize kushona.

Nilitushonea kitenge kimoja sote, mimi, baba yake na yeye, cha bluu yenye mizunguko ya njano. Ijumaa mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukashika barabara ya Houston mchana. Binti yangu alikaa nyuma akinong'ona maneno yake mpaka tukapita kile kituo cha mafuta kikubwa kama soko, ambapo baba yake lazima asimame anunue nyama kavu hata kama tumechelewa kwenye msiba. Tulikuwa tunakwenda kulala kwa mwanamke tuliyeishi naye kambi moja. Yeye naye anaongoza kwaya, huko kusini-magharibi mwa Houston, na alituambia tupitie kwanza kanisani kwao kwa sababu jioni hiyo walikuwa na mazoezi.

Niseme ukweli, kanisa lao lilinitia wivu. Lilikuwa supamaketi. Jukwaa lake linatoka ukuta hadi ukuta, na kwaya ilikuwa imesimama mistari mirefu, imetulia, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Niliketi nyuma na binti yangu nikaanza kutafuta makosa. Soprano walikuwa wanavuta. Nilimgeukia nimwambie, nikaona hanisikilizi. Macho yake yalikuwa kwenye mstari wa mbele na midomo yake ilikuwa inacheza.

Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mstari ule una watu kumi na saba. Nikamkemea, asihesabu watu. Alikuwa amekauka uso. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini yeye aliishia kumi na tatu.

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Aliinuka akaenda kwenye chumba cha watoto cha pale kanisani, kile chenye ubao mweupe, na nilipomfuata nikamkuta anagawanya. Kumi na saba, wanabaki tisa. Kumi na tisa, wanabaki kumi na mmoja. Ishirini na tatu, wanabaki kumi na sita. Aliendelea kupanda, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu, na kwaya upande wa pili ikirudia kibwagizo kilekile kwa sababu soprano walikuwa hawajashika. Alipofika hamsini na tisa kalamu ikasimama. Hakuna aliyebaki. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa ni elfu thelathini na thelathini na moja kamili. Akazidisha upya upande wa kushoto wa ubao, akapata hilohilo. Akakaa chini kwenye zulia la watoto, akalia.

Nilimwelewa hapo. Mtoto wangu alikuwa amezaliwa kwenye jukwaa la watu kumi na watatu. Kwake ulimwengu wa mistari uliishia pale mlango wa dharura ulipo. Mtoto mwingine yeyote wa Texas angeweza kukosea namba ile, lakini kwa kosa hili hasa ilibidi awe wetu, akulie ndani ya duka la matairi akisikia mama yake anasema kumi na tatu mwisho, msisukumane.

Baba yake alikuja kutuita tukale. Akaelezwa. Mume wangu ni mtu wa kutatua, hapendi machozi yakae muda mrefu. Akauliza kama ile namba ndogo ya elfu mbili mia tatu na kumi na moja nayo imeharibika. Binti yangu akafuta uso, akaifanyia kazi ubaoni, safari hii bila kuishia kumi na tatu, akakuta ni tasa kweli. "Bon," mume wangu akasema, "badilisha namba. Chukua hiyo, maneno ni yaleyale." Nami nikaona amesema la maana. Masharti yaliruhusu kubadilisha mpaka asubuhi. Nikamwambia binti yangu amsikilize baba yake, afute ubao, twende tukale.

Alikataa. Alisema taratibu, kwa Kiswahili, kama anayetaka tusije tukasema baadaye hatukuelewa: "Mama, namba haina kosa. Ni mimi nilisimama kwenye jukwaa dogo. Kesho nitaisema hivyo hivyo ilivyo."

Baba yake akamkumbusha kwamba waamuzi wanatafuta wa kumchukua, si wa kumhurumia, na mtu akianza kwa kusema nilikosea anajitoa mwenyewe. Binti yangu akasema anajua. Akasema pia kwamba hiyo namba nyingine ingemfanya aonekane hajawahi kukosea, na kitu alichokiona jioni hii ni kizuri zaidi ya kile alichokuja nacho. Mume wangu akaniangalia mimi. Ningeweza kumlazimisha, kwetu mtoto hulazimishwa. Lakini nilikuwa nimemwangalia akipanda kutoka kumi na saba mpaka hamsini na tisa bila kuruka hata moja, huku akijua kila hatua inaweza kumbomolea nyumba. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na fahari, na fahari ilizidi. Nikasema basi, mwacheni. Kisha nikaenda kumwomba mwenyeji wetu kitu kimoja.

Kesho yake mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na kazi. Mzungu aliyekuwa anapokea wageni alizoea baba na mama na mtoto. Sisi tulishuka kwenye mabasi mawili ya kanisa tukiwa kwaya nzima ya Houston, wanawake na vilemba, wanaume na viatu vya Jumapili. Alituuliza kama sote ni familia ya mtoto mmoja. Mwenyeji wetu akamjibu ndiyo, bila hata kupepesa. Akauliza tuko wangapi. Nikamwambia, tupo.

Zamu ya binti yangu ilipofika alipanda mbele na kile kitenge cha bluu. Waliomtangulia walikuwa na picha ukutani zinazotembea zenyewe. Yeye alisimama na kalamu tu. Akawaomba watu wetu thelathini wasogee mbele, akawapanga wawili wawili, yeye akabaki. Watatu watatu, akabaki. Watano watano, akabaki. Watu wetu wanajua kugeuka. Walibadilisha mistari kwa mdundo wa miguu, na waamuzi wakaacha kuandika. Akasema hii ni thelathini na moja, na ndivyo nilivyojifunza hesabu, kwa kubaki. Halafu akaandika ubaoni namba yake kubwa.

Kiingereza changu ni cha bohari, lakini siku ile nilielewa kila neno, kwa sababu nilijua linakotoka. Aliwaambia kwamba jana mchana, akiwa barabarani, alikuwa anakuja kuwaeleza namba hii ni tasa. Aliwaambia sababu zake zote, nami nikaona mmoja wao, mama mwenye nywele fupi za mvi, anainamisha kichwa kama anayemsikitikia. Ndipo akawaambia habari ya jukwaa letu na jukwaa la supamaketi. Akaandika hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Akasema kwenye uwanja mpana watu hawa wote wanasimama sawa, na hakuna anayebaki.

Kisha akasema kile ambacho mimi sikukijua, alichokiona peke yake usiku ule baada ya machozi. Chukua namba tasa zozote ulizonazo, zidisha zote, ongeza moja. Namba utakayopata itabakiza mmoja kwa kila mstari unaoujua. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa, ama imejengwa kwa namba tasa ambazo hukuwa nazo, kama hii ilivyojengwa kwa hamsini na tisa na mia tano na tisa. Kwa vyovyote, daima kuna namba tasa nyingine nje ya jukwaa lako, na hazitakwisha kamwe. Alisema aliidhani hii ni namba ya mwisho wa jukwaa, kumbe ni namba ya mlango.

Yule mama wa mvi ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua, kama hamsini na tisa nayo ingekataa, angeendelea kupima mpaka wapi kabla ya kuamini. Binti yangu akajibu papo hapo, mpaka mia moja sabini na tatu. Akaeleza kwamba mia moja sabini na nne mara yenyewe inaizidi ile namba, kwa hiyo mstari wowote mrefu zaidi ya hapo ungetoa mistari michache kuliko mia moja sabini na nne, na kwaya ikigeuzwa ubavu ni mpangilio aliokwisha ujaribu. Akawaonyesha kwa watu wetu: watano mistari sita, wakageuka, sita mistari mitano. Yule mama akatabasamu, akaandika kitu, akafunga kalamu yake. Mimi nikamshika mume wangu mkono mpaka akaniomba nimwachie vidole.

Majina yalisomwa jioni, bila mpangilio wowote niliouona. Sikuhesabu. Niliyasikiliza moja moja, na kila jina lisilo lake lilinipa joto mgongoni. Jina lake liliposomwa nilipiga vigelegele, na kwaya nzima ya Houston ikapokea, soprano wakiwa juu safari hii, na yule mzungu wa mlangoni akashika kifua. Mume wangu, mtu wa kutatua, hakuwa na la kutatua. Alikuwa analia wazi na nyama kavu mfukoni.

Wakaitwa mbele wote waliochaguliwa kupigwa picha. Mpiga picha aliwapanga mistari miwili, mmoja akabaki. Akawapanga mitatu, mmoja akabaki. Akajaribu minne, vilevile, akakuna kichwa. Nikamwona binti yangu anacheka peke yake, kwa kuwa alikuwa ameshajua tangu mstari wa kwanza. Akamwambia mpiga picha kitu, akatoka mahali pake, akaenda kusimama mbele, katikati, peke yake, kama nilivyomweka akiwa na miaka minane.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami, mama wa mtoto mwingine, akaniuliza kwa upole wangu ni yupi kati ya wale. Nikanyoosha mkono, na kidole.

"Mmoja," nikamwambia. "Yule wa mbele."